Barua ya Wazi kwa Wenye Duka Letu: Mpole Hurudi Mikono Mitupu, Mkali Hurudishiwa Pesa

Kwa Wakurugenzi wa Kampuni,
Makao Makuu, Mombasa.

Kupitia kwa Meneja wa Tawi, Lamu.

KUH: UTARATIBU WA KURUDISHA MALI DUKANI

Waheshimiwa, assalaam alaykum.

Natumai barua hii itawakuta salama, nyinyi na aila zenu.

Mimi ni mhudumu wa kaunta katika tawi lenu la Lamu, upande wa Langoni. Nina miaka sita hapo, na minne ya mwisho nimekaa kwenye meza moja tu: ile ya mwisho karibu na mlango wa stoo, inayopokea watu wenye mali za kurudisha. Jina la kampuni sitalitaja humu, wala la mtu yeyote. Mkisoma mtajijua, na hilo linanitosha. Duka hili linanilisha mimi na wanangu, na nataka liendelee.

Njia ya ndani nimekwisha kuijaribu. Barua ya kwanza nilimpa meneja mkononi. Ya pili niliituma makao makuu kwa barua pepe, nikajibiwa kwamba imepokewa, na tangu hapo kimya. Kabla ya Ramadhani tuliingia ofisini wahudumu wanne kwa pamoja, tukasema yote tuliyokuwa nayo, tukaambiwa wateja ndivyo walivyo, tujifunze kuvumilia. Ndipo nikaamua kuandika mahali ambapo wateja nao watasoma, kwa sababu jambo hili ni lao kama lilivyo letu.

Nianze na neno lenyewe ili msilitafute. Mteja mkali hatoki kwake na ukali wote ule. Sehemu kubwa anaupatia dukani kwetu, na anayempa ni utaratibu wetu. Nitaeleza moja baada ya jingine.

1. Mteja haujui utaratibu tunaomhukumu nao

Nyuma ya risiti yetu kuna mistari sita ya Kiingereza, herufi ndogo mno. Inasema mali itabadilishwa ndani ya siku 7, iwe katika katoni yake, iwe haijatumika, na kwamba pesa hazirudishwi. Ukutani kuna kibao kinachosema mali ikishauzwa hairudishwi kabisa. Kwa hiyo ukuta unasema hivi na risiti inasema vile, na mimi nimekaa katikati ya hivyo viwili.

Nani anasoma nyuma ya risiti, tena kwa lugha ambayo wengi wa wateja wetu hawaisemi nyumbani? Mvuvi aliyekuja kununua jiko la gesi anahesabu chenji yake, anakunja karatasi, anaitia mfuko wa shati na kutoka. Na karatasi ile haina wino. Mashine huiandika kwa joto, na ikikaa juani, ikalowa jasho, ikashikwashikwa na mikono yenye mafuta, maandishi hufifia. Nimewahi kuletewa risiti nyeupe pe, mteja ameishika kwa vidole viwili kama cheti. Mashine yetu ndiyo iliyoiandika, nasi tukamwambia haina kitu, hatuwezi kumsaidia. Akiniita mwizi hapo, nitamlaumu vipi?

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya mali yenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na alichonunua. Mistari sita nyuma ya risiti si habari. Ni kinga mliyojiwekea, nayo haiwakingi. Inayoikinga kampuni ni meza yangu, kwa masikio yangu.

2. Siku 7 hazihesabu bahari

Utaratibu huu uliandikwa Mombasa, na unafanya kazi kwa mtu anayepanda matatu kurudi dukani. Sisi Lamu wateja wetu wanatoka Faza, Siyu, Pate, Mbwajumwali, Kizingitini, hata Kiunga. Wanakuja kwa mashua. Msimu wa kusi bahari ikichafuka, mtu hakai nyumbani kwa kupenda. Na njia ya kuja huku inapita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda una maji yake: yakipwa, nahodha anangoja, na abiria wanangoja naye.

Katikati ya kusi iliyopita alikuja mama mmoja wa Kizingitini na feni ya kusimama aliyoinunua kwetu. Nilimkumbuka, kwa sababu siku ya kununua aliniuliza mara mbili kama ni nzito kubebwa na mtoto. Alikuwa amempa kijana wa mkokoteni aisukume kutoka gatini. Katoni ameifunga kwa kamba ya usumba, mafundo manne, safi, bila mkwaruzo. Akanisalimu, akauliza hali ya watoto, kisha ndipo akasema: "Mwanangu, panka hili limekataa."

Nikakata kamba, nikaitoa, nikaiunganisha, nikaichomeka kwenye soketi ya meza. Ikaanza kuzunguka na kupiga wavu, tak, tak, tak, halafu harufu ya kuungua, halafu ikasimama. Niliizima nikaligeuza panga kwa kidole. Chuma cha katikati kilikuwa kimepinda. Alama ya mafuta ya kiwandani ilikuwa bado ipo pale kilipopinda, haijaguswa na mtu. Mama yule hakuipinda. Ilimfikia vile.

Siku zilikuwa zimetimia kumi na moja. Nikampigia meneja simu, nikamweleza ninachokiona kwa macho yangu. Akasema siku 7 zimepita, sheria ni sheria. Ikabidi nimwambie.

Hakuinua sauti. Alisema, "Mwanangu, mashua hazikutoka. Ningekuja na nini?" Akauliza kama anaweza kukaa kwenye benchi letu mpaka mashua yao iwe tayari.

Sheria ya kuuza bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, haijui siku zenu 7. Inataka mali inayouzwa iwe ya kuuzika na ifae kwa kazi yake, na inapozungumzia muda wa mnunuzi kuikataa inasema muda unaofaa. Muda unaofaa kwa mtu wa Langoni ni jioni ya leo. Kwa mtu wa Kizingitini wakati wa kusi ni pale bahari itakapompa njia. Mtu yeyote wa Lamu anajua hivyo bila kwenda kwa wakili.

3. Anayefoka hupewa

Hili ndilo lililonitoa usingizini, na ndilo lililonifanya niandike.

Mama yule akiwa bado kwenye benchi, baada ya swala ya alasiri, akaingia bwana mmoja wa hapa mjini na blenda. Haikuwa na katoni. Hakuwa na risiti. Alisema mwenyewe ameinunua kama wiki tatu nyuma. Jagi lilikuwa na rangi ya ukwaju mpaka kwenye kifuniko, na visu vimeshikwa na kitu kilichokauka. Hakunisalimu. Aliiweka mezani kwa kishindo, akapiga kaunta kwa kiganja, akasema duka hili la wezi, akatoa simu akaanza kunirekodi uso, akisema atatuanika Kenya nzima ituone.

Meneja akatoka ofisini. Akapiga simu Mombasa. Hazikupita dakika kumi, simu ikarudi: mpe pesa zake aondoke. Shilingi 4,800 zikahesabiwa mbele ya watu, noti kwa noti. Bwana yule akazitia mfukoni na kuondoka, na blenda ikabaki mezani kwangu.

Mama wa Kizingitini aliona yote kuanzia mwanzo. Alinitazama, kisha akaitazama katoni yake miguuni, kisha akautazama mlango. Ningependa mmoja wenu angekuwa amekaa kwenye kiti changu wakati ule. Sikuwa na la kumwambia. Yeye alikuja na haki, adabu, risiti na katoni, akakataliwa. Mwingine alikuja na kelele peke yake, akapewa. Alipoinuka kwenda gatini aliniambia, "Niwekee, mwanangu. Mkibadili maneno nipigie simu." Akaniandikia namba ya jirani yake, kwa sababu yeye hana simu.

Lamu ni mji mdogo. Neno likisemwa Mkunguni baada ya magharibi, asubuhi liko Shela na Wiyoni. Wiki iliyofuata nilipokea watu watatu waliokuja tayari wamewaka, kabla hata sijawauliza wana nini. Mmoja wao ni kijana ninayemfahamu tangu chuoni, yaani madrasa, mtu mpole. Nilipomwita pembeni nikamuuliza mbona leo hivi, akanambia waziwazi: "Nimeambiwa hapa kwenu bila fujo huna chako." Sisi ndio tuliomfundisha.

Nisidhaniwe nalalamikia kazi. Kazi ya kumtuliza mtu naijua, na naipenda. Mtu akija anafoka sibaki nyuma ya kaunta, kwa kuwa kaunta inakuwa ukuta kati yetu. Natoka, namkalisha kwenye benchi, nampa maji, namwambia anianzie tangu alipokinunua. Simkatizi. Kitu chenyewe nakijaribu mbele ya macho yake, si stoo, ili tuone pamoja. Namwambia kwanza ninachoweza kumfanyia, ndipo ninachoshindwa. Wengi hupoa. Kuna baba mmoja wa Gadeni alikuja na pasi akitukana, akaondoka akiniombea dua, na pasi hatukumbadilishia. Tulimwonyesha tu kwamba maji ya kisima yenye chumvi ndiyo yaliyoziba matundu, tukamsafishia kwa siki.

Lakini ujuzi huu hauna maana ikiwa nyuma yangu kuna simu inayotoa kile nilichoamriwa kukataa. Kila mnapompa mwenye kelele kwa simu, mnamwambia kila aliyesikia kwamba mwanamke wa kaunta si mtu wa kuzungumza naye, ni mlango wa kupigwa mpaka ufunguliwe. Siku inayofuata ni mimi ninayepigiwa.

4. Hasara inakatwa kwetu

Ile blenda haikuweza kuuzwa tena. Mwisho wa mwezi tulikatwa watatu, shilingi 1,600 kila mmoja: mimi niliyeipokea, kashia aliyehesabu pesa, na kijana wa stoo aliyeipanga. Aliyeamuru pesa zitolewe hakukatwa.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, imetaja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya. Ukisoma utakuta hasara ya mali aliyoisababisha mfanyakazi kwa makusudi, na upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wa yule aliyekabidhiwa pesa kwa mkataba. Sisi hatukuvunja kitu kwa makusudi, na pesa hazikupungua. Zilitolewa kwa amri. Nionyesheni mahali ambapo mteja kurudisha blenda kumeandikwa.

Na kuna jambo la njia. Mali yetu inapakiwa Mombasa kwa lori, inapita Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe. Hapo inashushwa, inaingia mashuani, inavuka, inapandishwa gatini kwa mgongo wa hamali, inasukumwa kwa mkokoteni au kubebwa na punda mpaka mlangoni. Katoni moja inashikwa na mikono kumi kabla haijafika kwangu. Chuma cha feni kikipinda humo njiani, au kilipinda kiwandani, atakayekatwa ni aliyekaa mwisho. Ndiyo sababu wenzangu sasa wanakataa kila kitu kinachorudi, kiwe kibovu au kizima. Hawana roho mbaya. Mtu anayelipa kodi ya nyumba na ada ya shule hawezi kumhurumia mteja kwa mshahara wake mwenyewe. Mmewaweka mfanyakazi na mteja wagombanie shilingi ile ile, na kampuni imekaa pembeni.

5. Matusi

Nimeitwa mwizi mbele ya mwanangu aliyekuja kuniletea chakula. Mwenzangu alifuatwa mpaka karibu na kwao usiku wa Ramadhani na mtu aliyekataliwa kubadilishiwa simu. Tulipolisema ofisini tuliulizwa tulimjibu nini huyo mteja. Sitaeleza zaidi ya hapo, mnajua lilipoishia.

Sasa niwatendee haki nyinyi pia, kwa kuwa wadanganyifu wapo na mimi ndiye ninayekutana nao.

Msimu wa harusi ukiisha, magauni hurudi. Gauni lina lebo yake limekunjwa vizuri, anayelileta anasema halikumtosha. Ukilifungua, harufu ya udi inakujia usoni, na ndani ya mkono kuna alama ya hina mbichi. Limeshavaliwa usiku wa kupamba. Kuna waliotuletea chaja iliyokufa miaka ndani ya katoni ya chaja mpya. Kuna aliyeunguza friji mara mbili kwa kuichomeka moja kwa moja ukutani wakati stima inapanda na kushuka, bila kifaa cha kuilinda, kisha akadai ilikuja hivyo.

Hawa hawazuiwi na siku 7. Mwenye gauni harudi siku ya nane, anarudi siku ya tatu, harusi ikiisha. Sheria yenu inampita yeye na kumnasa mama wa Kizingitini. Wanazuiliwa kwa kazi ndogo inayofanywa siku ya kuuza. Gauni lifungwe lebo kubwa kifuani, mahali ambapo haliwezi kuvaliwa nayo, na mteja aambiwe kwamba lebo ikikatwa gauni ni lake. Kila kitu cha stima kichomekwe mbele ya mnunuzi kabla ya kutoka, kizunguke, kipige kelele, akione kinafanya kazi. Namba iliyoandikwa mgongoni mwa kifaa inakiliwe kwenye risiti na kwenye daftari letu. Nimeyafanya haya kwa hiari yangu kwa miezi miwili, daftari nimelinunua mwenyewe, na aliyekuja na chaja ya kubadilisha tulifungua ukurasa tukaangalia namba pamoja. Aliichukua chaja yake akaondoka bila neno. Kisha nikaambiwa nachelewesha foleni, niache.

Najua pia mtakayosema.

Mtasema KRA, mamlaka ya kodi. Kwamba mauzo yakishaingia eTIMS, mfumo wake wa ankara, pamoja na kodi ya VAT ya asilimia 16, hayafutiki. Waheshimiwa, krediti noti, hati ya kurekebisha mauzo mali ikirudi, ipo kwa kazi hiyo hiyo, na kwa blenda ya yule bwana ilitolewa siku ile ile. Kinachowezekana kwa anayepiga meza kinawezekana kwa aliyekaa benchi.

Mtasema aliyewauzia nyinyi kwa jumla hakubali mali irudi. Hilo ni la kwenu na yeye. Mteja alitoa pesa zake kwenye kaunta yetu, hakumuona huyo mwingine.

Mtasema maduka yote yana kibao kile kile ukutani. Yanacho, kweli. Lakini hatukukua hivyo. Hapa Amu, Lamu yetu hii, mtoto akisoma chuoni anafundishwa mlango wa biashara, na humo kuna khiyari: mnunuzi akikuta aibu, yaani kasoro, ndani ya mali ambayo hakuonyeshwa, ana haki ya kuirudisha na kuchukua pesa zake. Babu zetu waliuziana boriti, samli na vitambaa kwa msingi huo kabla ya risiti kuja. Wengi wenu mmesoma vyuo hivi hivi. Hamhitaji mimi niwakumbushe, ila kibao kile kinaposema mali hairudishwi hata ikiwa na aibu, kinapinga mlichofundishwa na walimu wenu.

Na wapo watakaosema sisi wa kaunta tunatafuta urahisi, tunataka kupokea kila kitu ili tusigombezwe. Si hivyo. Mtu aliyebadili mawazo tu, kitu kizima, rangi haikumpendeza, huyo sheria haiwalazimishi kumrudishia pesa, na mimi niko tayari kumwambia hapana na kusimama nayo. Ninachokataa ni kumwambia hapana mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

Tunachoomba ni haya.

Kibao cha ukutani kitolewe leo. Mahali pake pawekwe utaratibu mmoja, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu mzima anazisoma bila miwani, nao utenganishe mambo mawili: kitu kibovu na kitu kisichompendeza mtu. Kashia ausome kwa mdomo kwa kila anayenunua kitu cha stima. Risiti ipigwe nakala kwenye daftari ili ile ya mteja ikifutika, yetu ibaki.

Siku za kurudisha zianze kuhesabiwa kwa mtu wa hapa mjini kivyake na kwa mtu wa visiwani kivyake. Napendekeza siku 30 kwa wanaokuja kwa mashua, na mtu akipiga simu kutaja ubovu ndani ya wiki, simu hiyo ihesabiwe kuwa amefika.

Mhudumu wa kaunta apewe ruhusa ya kubadilisha kitu kibovu mwenyewe, mpaka kiwango cha pesa mtakachokitaja, bila kupiga simu popote. Juu ya kiwango hicho aamue meneja, kwa maandishi. Na akishasema hapana kwa haki, hapana hiyo isivunjwe kwa simu kwa sababu mtu amepiga kelele au kwa sababu mnamjua baba yake. Mkiona mhudumu amekosea, rekebisheni kwa wote waliokataliwa kwa kosa hilo, sio kwa mmoja.

Makato ya mali iliyorudishwa yakome, na yale tuliyokatwa mwaka huu yarudishwe. Hesabu yake ninayo, mwezi kwa mwezi, pamoja na hati za mishahara za wenzangu waliokubali nizitaje.

Mtu akimtukana au kumtishia mfanyakazi, meneja atoke asimame naye, na mtu huyo aambiwe atoke nje mpaka apoe. Mhudumu wa kike akitishwa, asindikizwe kwao jioni hiyo kwa gharama ya duka.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu leo. Zikipita, suala la makato tutalipeleka Ofisi ya Kazi. Na wateja watakaoniuliza waende wapi na mali mbovu waliyokataliwa, nitawaambia ukweli, kwamba kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 na kuna Mamlaka ya Ushindani inayopokea malalamiko yao. Sitawaambia kwa chuki. Nimeshachoka kumwambia mtu mwenye haki kwamba hana.

Feni ya mama wa Kizingitini iko chini ya meza yangu, nimeifunga tena kwa kamba yake mwenyewe. Jirani yake alinipigia juzi, akasema bahari imetulia na mama ana safari ya kuja mjini mwezi ukiandama. Naomba siku hiyo niwe na feni nzima ya kumpa.

Wenu katika kazi,

Mhudumu wa kaunta ya marejesho,
kwa niaba yangu na ya wenzangu watatu,
Langoni, Lamu.